Mwaka Tuliofundishwa Maana ya Mkate

Mpwa wake Tata Gathoni alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa dukani kwangu Gatongora nakata kitambaa cha sare za shule, akaniambia kwamba tata yake, yaani shangazi yake, amefariki na kwamba familia imekwama kwenye wasifu. "Tuko na nusu ukurasa tu, auntie," alisema. "Alizaliwa, akaokoka, akafanya kazi kwa kiwanda cha kahawa, akaugua, akalala. Si mlikuwa marafiki? Nipatie kitu tuweke kwa programu." Nilimwambia aandike kwamba tata yake aliwahi kusoma riwaya moja mara nne. Akauliza ni riwaya ya nini. Nikamwambia ni ya vita, na ndani yake mna mapenzi. Akacheka kwa adabu, akasema pasta hawezi kuisoma hiyo mbele ya watu. Jumamosi, kwenye mazishi huko Gatuanyaga, nilifungua ile programu ya karatasi za kung'aa na kukuta wameandika, baina ya mambo ya kwaya na habari za figo, maneno mawili: Alipenda kusoma. Si uongo. Nilikaa chini ya hema nikiyatazama maneno hayo huku watu wa jumuiya wakipanga maua, na nikaona kwamba mimi na mwanamume mmoja aliyeketi safu ya nyuma ndio pekee pale tuliojua kitabu chenyewe.

Mwaka tuliokisoma nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi katika kiwanda cha vitambaa Thika, sehemu ya ukaguzi. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, kitambaa kikipita polepole, na kila nilipoona uzi uliokatika, fundo au doa la mafuta, naligusa kwa chaki ili wanaokuja nyuma yangu walikute. Saa nane kila siku za kutafuta kasoro kwenye kitu ambacho mtu mwingine angekiona kizima. Nilikuwa hodari. Msimamizi alikuwa akiniletea wageni waone jinsi jicho langu linavyofanya kazi. Shule niliiachia kidato cha pili, kwa sababu ambazo hazina uzito hapa, na nilitaka cheti cha kidato cha nne kwa sababu kila aliyepanda cheo pale kiwandani alikuwa nacho. Ndipo nikaambiwa kuna mwalimu Ruiru anayefundisha watu wazima Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, na kwamba hana kelele na hadharau mtu.

Ukumbi ule ulikuwa wa mabati, na sakafu yake ilipakwa nta nyekundu iliyoshika soksi ikawa haitoki. Mabenchi yalikuwa ya watoto wa shule ya Jumapili, kwa hivyo tulikaa magoti yakiwa juu kama watu wanaokamua ng'ombe. Chumba cha pili kilikuwa cha kwaya, na kila Jumamosi walirudia ubeti mmoja hadi Mwalimu akalazimika kupanga masomo yake yaende na pumzi zao: wakinyamaza anaeleza, wakiimba tunasoma kimya. Alikuwa Mwalimu Makokha, mtu wa upande wa Kakamega, mwembamba, aliyestaafu kabla ya wakati wake na hakusema kwa nini. Alivaa tai hata siku za jua kali. Kwenye fasihi tulianza watu wanne. Mmoja, askari polisi, alipotea baada ya Pasaka. Tukabaki mimi, kijana mmoja karani wa machimbo ya mawe Juja aliyeitwa Mutiso, na Tata Gathoni, aliyekuwa mfagiaji katika kiwanda cha kukoboa kahawa pale Ruiru na ambaye kwa umri angeweza kutuzaa sote wawili. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Saa tisa tulipumzika, naye alifungua kiondo chake akatoa nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa, na chumvi kwenye kikaratasi, akatugawia bila kuuliza nani ana njaa. Tulimwita Tata, yaani shangazi, kwa sababu alitaka hivyo. "Mama sijakuwa wa mtu," alisema siku ya kwanza, na hatukumuuliza zaidi.

Kitabu kilikuwa cha ng'ambo, cha vita vya Ulaya. Jina lake silitaji. Hakisomwi sana siku hizi, na sitaki mtu akitafute kisha aje kunisahihisha. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Kuna mji mdogo mpakani umetekwa na jeshi, na ndani yake mna mwanamke mjane anayeoka mikate. Nje ya mji, katika kinu cha zamani, amejificha askari aliyetoroka vitani. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, mwanamke anapita kwenye daraja lililobomoka na kuacha mkate chini ya jiwe. Wanakutana mara saba tu katika kitabu kizima, na hakuna hata mara moja mmoja wao anamwambia mwenzake neno la kupenda. Theluji inaanguka, jeshi linapekua, watu wanasalitiana. Mwishoni vita vinapita mji ule, na mkate unabaki chini ya jiwe siku tatu bila kuchukuliwa. Siku ya nne mwanamke anakaa kwenye daraja, anautoa mkate ule mkavu na kuula wote mpaka umekwisha. Kitabu kinaishia hapo.

Mwalimu Makokha alikipenda kitabu hicho kwa namna ambayo sasa, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, naiona kuwa ya mtu mpweke. Aliandika MKATE katikati ya ubao, akachora mishale inayotoka pande zote, na mwisho wa kila mshale akaweka neno: uhai, sadaka, mwili, ahadi, mapenzi. "Katika fasihi," alisema, "mkate sio mkate. Vita vinawanyang'anya watu maneno. Kwa hivyo wapendanao wanaongea kwa vitu. Msomaji mzuri ni yule anayesikia vitu vikiongea." Kwaya ikaanza, akangoja na chaki mkononi. Walipomaliza akaongeza, "Hata theluji. Hata jiwe. Hakuna kitu kimewekwa hapo bure." Nilinakili mishale yote. Nilirudi Thika jioni hiyo nikiwa nimejaa jambo hilo. Sikulichukua kuwa mbinu ya kujibu mtihani. Nililichukua kuwa habari kuhusu dunia, habari ambayo wengine walikuwa nayo na mimi nilikuwa nimecheleweshewa. Jicho langu lilikuwa tayari. Lilikuwa limefundishwa mezani kwa taa. Sasa lilikuwa limepata kitambaa kipana zaidi.

Niliyemkagua kwenye kitambaa hicho alikuwa Mutiso. Alikuwa na sauti ya chini na vumbi jeupe la mawe kwenye mishono ya nguo zake, na aliandika insha ambazo Mwalimu alizisoma kwa sauti akiwa amesimama. Aliweza kusema kwamba jiwe lililofunika mkate ni moyo wa yule mwanamke, mzito kwa nje, umeficha kitu chenye joto, na mimi nikainakili sentensi nzima. Tulitumia nakala moja ya kitabu sisi wawili, kwa sababu hazikutosha, na ilibidi tuelewane kuhusu kufungua kurasa. Alikuwa akingoja nimalize kabla ya kugeuza. Nikaiweka hiyo akilini. Aliniachia upande wa benchi usio na msumari. Nikaiweka hiyo pia. Siku moja alisema, bila kunitazama, kwamba yule mwanamke wa kitabuni angekuwa Mkenya angekuwa na mikono kama yangu, na kwa majuma mawili niliitazama mikono yangu juu ya meza ya kioo, chini ya taa, chaki ikiwa katikati ya vidole, nikashindwa kuona alichokiona yeye lakini nikawa na hakika kwamba amekiona.

Julai ilikuja na baridi yake ile ya ukungu, ambapo jua halionekani wiki nzima na mabati yanadondosha maji kwa ndani. Jumamosi moja nilifika nimelowa. Mutiso alivua koti lake, koti la buluu la kazi lenye kola iliyochakaa, akaniwekea mabegani, kisha akaendelea kusoma aya ambayo Mwalimu alikuwa amempa. Jioni nilipotaka kulirudisha alisema, "Enda nalo tu. Utaleta." Nilienda nalo. Sikulirudisha Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine, na yeye hakuliulizia. Nadhani ni vigumu kumweleza kijana wa leo, mwenye simu inayomwonyesha kama ujumbe wake umesomwa, jinsi mtu anavyoweza kujenga nyumba nzima juu ya koti ambalo halijauliziwa. Nilikuwa naishi chumba kimoja Makongeni, jiko la mafuta ya taa upande huu, kitanda upande ule, na koti lile lilining'inia kwenye msumari baina yao. Nilikula nikilitazama. Sukuma, ugali, na koti. Niliamini kwamba mtu asiyesema ndiye anayesema zaidi. Kitabu kilikuwa kimenihakikishia hilo kwa kurasa mia mbili na zaidi.

Mapema Agosti msimamizi wangu aliniita ofisini. Kulikuwa na kozi ya miezi kumi Eldoret, ya kupima nyuzi na rangi. Kiwanda kingelipia, na anayerudi angekaa kwenye maabara badala ya kusimama mezani. Mtihani wangu wa Novemba ningeufanyia hukohuko. "Nimeandika jina lako," alisema. "Nipe jibu mwisho wa mwezi, lakini najua jibu." Nilimshukuru, nikatoka, na nilipofika kwenye mashine nilikuwa tayari nimeamua kutoenda. Miezi kumi ni mirefu. Mutiso alikuwa karibu kusema; kila kitu kilionyesha hivyo. Ningekuwaje Eldoret siku atakayosema? Wiki ya tatu nilimrudia msimamizi nikamwambia nina mambo ya nyumbani. Alinitazama kama ninavyowatazama sasa wateja wanaotaka kitambaa cha bei nafuu nikijua hakitamaliza muhula, akasema, "Haya."

Jumamosi ya wiki hiyohiyo, tukitembea kutoka kanisani kuelekea barabara kuu, Tata Gathoni alinishika kiwiko. Aliongea nami Kiswahili daima, hata tukiwa peke yetu, kwa sababu alisema Kikuyu hakitamsaidia kwenye mtihani.

"Huyo kijana amekuambia anakutaka?"

"Hajasema, Tata."

"Sasa wewe unajuaje?"

"Naona tu. Kuna vitu anafanya."

"Vitu gani?"

Nikamwambia habari ya koti. Alifikiria hatua kadhaa.

"Alikupa likuwe lako, ama alikupa uvae?"

Sikuwa nimewahi kuliangalia jambo hilo hivyo. Nilisema sijui. "Muulize," akasema. Nikamwambia mambo kama hayo hayaulizwi. "Ai! Huulizwa. Wewe unaogopa tu vile atasema." Kisha akaanza habari nyingine, ya bei ya sukari, na nilimkasirikia hadi nilipofika Thika. Nilimwona kuwa mwanamke mzee wa ufagio asiyeweza kusikia vitu vikiongea.

Sura ya mwisho tuliisoma Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Kwaya haikuwapo, walikuwa wamealikwa mahali, na ukumbi ulikuwa kimya hadi mtu angesikia chaki. Mwalimu alisoma mwenyewe sehemu ya yule mwanamke kuketi darajani na kula. Alisoma vizuri, polepole, mpaka mwisho, akafunga kitabu. Kisha akauliza, "Kwa nini anaula?" Mutiso alijibu kwamba ni ushirika mtakatifu, anaula mkate ili mpenzi wake aliyepotea aingie ndani yake, wawe mwili mmoja kwa namna ambayo vita haviwezi kuwatenganisha. Mwalimu akafumba macho kwa furaha. Nami nikamtazama Mutiso, nikafikiri, huyu ananiambia mimi.

"Alikuwa na njaa," Tata Gathoni alisema.

Mwalimu alitabasamu. "Hiyo ni ya juu juu, Bi Gathoni. Nenda ndani."

"Nimeenda ndani, Mwarimu. Nimesoma hiki kitabu mara tatu. Tangu mwanzo hakuna mahali huyu mama anakula. Anaoka, anapeana, askari wanachukua ule mwingine. Hakuna mahali ameandikwa amekula. Siku tatu mkate uko hapo na yeye ana njaa na anauacha. Siku ya nne anashindwa. Hiyo ndiyo huzuni yake. Ameshindwa."

"Lakini ishara ya..."

"Mimi nilikula," alisema.

Alisimulia akiwa ameketi, mikono juu ya kiondo, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya sukari. Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni miaka ya hamsini, alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Walikuwa wameondolewa kwenye shamba lao na kuwekwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, na wanawake ndio waliolichimba handaki hilo. Kulikuwa na mwanamume ambaye wazazi wake walikuwa wameshaleta pombe ya kwanza ya posa kwao, naye akaingia msituni kupigana kabla mambo hayajakamilika. Wanawake walipofunguliwa kwenda kuteka maji, saa moja tu, Gathoni alikuwa akibeba chakula ndani ya mtungi mtupu, akakiacha kwenye kisiki kando ya mto. Hakuwahi kumwona mtu akikichukua. Aliona tu kesho yake kwamba hakipo, na ganda la mgomba lililokifungia limekunjwa vizuri, jinsi mtu yule alivyokuwa akikunja vitu. "Kwa kijiji watu walikuwa wanakufa na njaa," alisema. "Watoto, wazee. Nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku mbili. Sasa siku moja nimefika kwa kisiki, nimetoa hiyo chakula, ilikuwa viazi na maharagwe, nikaketi nyuma ya kichaka nikakula. Yote. Sikuweka hata moja. Nikaosha mikono kwa mto nikarudi."

Alisogeza kiondo magotini, akaendelea.

"Wiki iliyofuata nilipeleka tena. Hakuna mtu alichukua. Nikapeleka tena. Ilioza hapo. Mpaka leo sijui. Labda alikuwa ameuawa mbele ya hiyo siku. Labda alikuja hiyo siku akakosa. Mimi sijui." Akamtazama Mwalimu moja kwa moja. "Mwarimu, sikukula ndio aingie ndani yangu. Nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa. Na nilikuwa nampenda. Hizo zote zilikuwa hapo pamoja."

Mwalimu Makokha aligeuka akafuta ubao, ingawa haukuwa na kitu kingi. Alifuta muda mrefu. Aliporudi kwetu macho yake yalikuwa mekundu, lakini aliongea kama mwalimu. "Kwenye mtihani, mama, usiandike hivyo."

"Kwa nini? Ni uongo?"

"Hapana. Ni kwa sababu watakaosahihisha hawakuwa hapa leo."

Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya mambo mengi niliyoambiwa kanisani. Siku hiyo, hata hivyo, sikulifikiria. Niliyokuwa nayo kichwani ni viazi na maharagwe, na msichana aliyeosha mikono mtoni, na jinsi maneno yake yalivyokuwa hayana mshale hata mmoja. Mara nikaona aibu kwa ajili ya koti. Nilitoka nje nikamngoja Mutiso kwenye ukuta wa choo cha kanisa, mahali pasipofaa kwa jambo la namna hiyo, na alipofika nilimuuliza kabla ujasiri haujaisha. Nilimuuliza lile koti lilikuwa na maana gani.

"Koti gani?"

"Lako. La Julai."

"Ah." Alicheka kidogo. "Hata nilikuwa nimesahau ni wewe uko nalo. Nilikuwa nadhani nililiacha Juja." Kisha akaona uso wangu. Alikuwa mtu mwema, na bado ni mwema, alijaribu. "Nyambura, ulikuwa unatetemeka. Ningempa mtu yeyote."

"Na mikono? Ulisema mikono yangu..."

"Nilisema?" Alifikiria kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta risiti. "Labda nilikuwa nafikiria insha." Kisha akaongeza, kwa upole ulioniumiza kuliko kucheka kwake, "Ningekuwa nakupenda ningekuambia. Mimi huwa nasema."

Ilikuwa kweli. Alikuwa mtu wa kusema. Miezi minane nilikuwa nimemsikiliza akisema kila kitu kilichomjia, tena kwa ufasaha, na nilikuwa nimehitimisha kwamba jambo moja analificha. Jumatatu asubuhi nilienda kwa msimamizi kabla ya kengele. Hakuniacha nimalize. Nafasi ilikuwa imepewa msichana wa sehemu ya kusokota, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa maabara na akanisainia likizo zangu kwa miaka mingi, kwa adabu, bila kujua alikuwa amekalia kiti cha nani. Nilibaki mezani miaka tisa mingine. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nilijifunza vitambaa hadi nikaweza kuvijua kwa kidole, na duka langu limesimama juu ya kidole hicho. Mume niliyempata baadaye alikuwa dereva wa lori asiyesoma vitabu, na aliniambia anataka kunioa tukiwa kwenye foleni ya posta, kwa maneno hayo hasa, mbele ya watu. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Mutiso ndiye aliyekuwa safu ya nyuma pale Gatuanyaga. Amekuwa mnene, anatembea na fimbo, amestaafu kutoka ofisi ya kaunti, na alifuga ndevu ambazo zimemfanya aonekane kama mzee wa kanisa, na kwa kweli ndivyo alivyo. Tulikula wali na nyama tukiwa tumesimama, sahani za plastiki mkononi. Alikumbuka kisiki. Alikumbuka ganda la mgomba lililokunjwa. Nilipotaja koti la buluu alitikisa kichwa, hakuwa na kumbukumbu yoyote, akaniuliza kwa wasiwasi kama nililirudisha. Nikasema nililirudisha. Akafurahi.

Mtihani ulikuja Novemba. Swali la fasihi lilikuwa lilelile tulilofundishwa tulitarajie, kuhusu jinsi mwandishi anavyotumia vitu vya kawaida kuonyesha mapenzi wakati wa vita. Nilikaa kwenye dawati lenye nambari yangu na nikajua mambo mawili kwa wakati mmoja: kile nilichokuwa nimekisikia Agosti, na kile kinachotakiwa. Niliandika kinachotakiwa. Niliandika uhai, sadaka, mwili, ahadi. Niliandika kwamba anapoula mkate wapenzi wanaungana katika ushirika usiovunjika. Niliiba sentensi nzima ya Mutiso kuhusu jiwe. Kalamu haikusita. Nilipoinua kichwa nilimwona Tata Gathoni madawati matatu mbele yangu, ameinama, ulimi nje kidogo kama mtoto, anaandika polepole sana, na nikajua bila kuambiwa anachoandika.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata, siku za kupalilia. Nilipata alama nzuri, ya kujivunia. Yeye alipita Kiswahili na somo la dini, fasihi akaanguka vibaya. Nilienda kumwona Jumapili mchana kwenye nyumba za safu za kiwanda, chumba kimoja chenye kitanda, meza, na kalenda ya benki iliyopitwa na wakati ambayo aliiweka kwa ajili ya picha. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Hakuhitaji. Alinipa kikombe cha chai, akauliza, "Uliandika nini kwa ile ya mkate?"

Nilimwambia. Sikuficha kitu.

"Eeh," alisema. "Ndivyo Mwarimu alitufunza." Nilitafuta lawama usoni pake, kwa jicho langu lile la kiwandani, na haikuwapo. Ingekuwa nafuu kama ingekuwapo. "Mimi nitarudia," akaendelea. "Ofisi ya elimu ya watu wazima wamenipa fomu. Wewe una mwandiko mzuri, nijazie."

Ile fomu ya mtihani wa kwanza Mwalimu ndiye aliyeijaza, sijui aliandika nini. Hii Tata aliitoa chini ya godoro ikiwa haijakunjika hata pembe. Niliweka kikombe chini, nikafuta meza kwa kiganja, nikaanza. Jina. Mwaka wa kuzaliwa, ambao tuliukisia. Kazi: mfagiaji. Dini. Kisha pakaja hali ya ndoa, na visanduku vinne vimepangwa mstari mmoja: hajaolewa, ameolewa, ameachwa, mjane. Kalamu yangu ilikuwa inaelekea kwenye cha kwanza, kwa sababu nilijua hajawahi kuolewa. Kila mtu Ruiru alijua. Aliweka kidole juu ya karatasi, kidole kigumu cha kushika ufagio, akakizuia kile kisanduku.

"Si hapo," alisema. "Weka kwa ya mwisho."

"Mjane, Tata?"

"Eeh."

"Hii ni fomu ya serikali."

"Naona ni ya serikali."

Nje mtu alikuwa akiita mtoto aoge. Nilitia tiki kwenye kisanduku cha mwisho. Aliichukua fomu, akaisogeza karibu na macho, akakitazama kisanduku hicho kimoja kwa muda, kisha akairudisha mezani wino ukauke. Hakutaka tuikunje mapema. Tukakaa hapo wawili tukiingoja.